Dakika Arobaini na Tano Kutoka Mwanza

Pale njia panda ya Lusahunga vijana huuza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Huzipanga juu ya meza kama mtu anayeuza juisi, na jua likizipiga hung'aa rangi ya chai ya rangi. Mwezi uliopita nilisimama hapo nikisubiri gari la kurudi Biharamulo. Kijana mmoja akafungua chupa, akamimina kwenye tangi la pikipiki, matone machache yakaanguka vumbini, na harufu ikanifikia puani. Nikashika meza ya watu.

"Shikamoo bibi. Unajisikia vibaya?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo, ni uzee tu."

Nilimdanganya. Haukuwa uzee. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa ndani ya ndege ndogo inayonuka mafuta, magoti yangu yamegusana na magoti ya bibi yangu, na kifurushi cha viazi vya moto kimelala mapajani mwangu kama mtoto mchanga. Yule kijana alikuwa na wateja wake, sikutaka kumpotezea muda. Ninyi mmekaa, basi nitawasimulia.

Kwetu ni Runazi. Nilizaliwa kabla ya vijiji vya ujamaa, lakini ninachokikumbuka mimi ni kijiji chenyewe: nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule, shamba la pamoja la mahindi upande wa chini, na duka la kijiji ambalo mara nyingi lilikuwa na mlango, rafu na muuzaji, ila bidhaa hakuna. Bibi, mama yake baba, alihamishwa pamoja nasi kutoka kwenye migomba yake ya zamani, na hakumsamehe kamwe yule bwana aliyekuja kupima viwanja kwa kamba. "Dunia haipimwi kwa kamba," alikuwa akisema, na kamba yoyote aliyoiona, hata ya kufungia mbuzi, ilimkumbusha kusema hivyo.

Yeye alipima safari kwa chakula. Kwenda kanisani ilikuwa safari ya kiazi kimoja. Kwenda Biharamulo mjini, viazi vitatu na kibuyu cha maji. Kwenda kwao alikozaliwa, upande wa Ngara, mzigo mzima wa mihogo ya kuchemsha. Akisikia mtu anasafiri hakuuliza anakwenda wapi. Aliuliza, "Umebeba nini?" Ukishamjibu alijua umbali, na alijua pia kama umejiandaa au unajisumbua.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu Sospeter, aliyetufundisha darasa la tano, alikuwa na atlasi moja isiyo na jalada ambayo hatukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Siku moja aliweka uzi juu ya ramani, kutoka Biharamulo hadi Mwanza, akaunyoosha, kisha akaupeleka kwenye rula. "Kilomita mia moja na themanini hivi," akasema, "kama wewe ni ndege. Kama wewe ni mtu, ongeza kona, ongeza matope, ongeza pantoni, ongeza na dereva aliyesimama kunywa chai." Tulicheka sana. Mimi niliiandika hesabu ile kwenye jalada la daftari langu, nisijue itanifaa kwa lipi.

Baba yangu alikuwa mtembeaji. Watu wa Runazi walisema kuongozana naye ni adhabu, maana alitembea kama anayefukuzwa. Alikuwa kwenye mgambo wa kijiji, na vita vya Kagera vilipoanza alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Waliondoka wamesimama nyuma ya lori, wanaimba. Mama alipunga khanga mpaka vumbi likatulia. Kisha akashika jembe na kwenda kupalilia, kwa sababu maharage hayakujua kuna vita.

Miezi ikapita. Tulichimba mahandaki nyuma ya shule, tukafundishwa kulala kifudifudi tukisikia mngurumo angani. Sukari ikatoweka, sabuni ikatoweka, tukafulia majani ya mpapai. Halafu asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na barua aliyopewa ofisini Biharamulo. Alimkabidhi mama kwa mikono miwili, na nilipoiona mikono yote miwili nikaogopa.

Mama alikuwa anajua kusoma. Barua ilikuwa na mistari mitatu: baba amejeruhiwa mguu, amelazwa hospitali kubwa ya Mwanza, ndugu wajulishwe. Basi. Haikusema ameumia vipi. Na pale kijijini barua za namna hiyo zilikuwa zimefika mbili kabla ya yetu. Ya kwanza ilifuatwa na mwenyewe, akichechemea na kutabasamu. Ya pili ilifuatwa na barua nyingine.

Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto aliyenifuata mimi alifia tumboni, kwa hiyo mkunga alikuwa ameshamwambia safari hii akajifungulie hospitali ya misheni, kule kwenye nyumba ambamo wajawazito hukaa wakisubiri siku zao. Kwenda Mwanza asingeweza. Wanaume wote wa ukoo walikuwa vitani. Bibi alikuwa akichambua maharage. Akasema kwa Kisubi, lugha yetu, bila kuinua kichwa:

"Nitakwenda mimi."

"Mama, hujui Kiswahili," mama yangu akamwambia.

"Adera anajua."

Adera ndiye mimi. Jina langu ni Adela, lakini ulimi wa Bibi haukuwa na haja na herufi ile. Kiswahili chake chote kilikuwa maneno matatu: shikamoo, marahaba na asante, na aliyachanganya. Alikuwa akimwitikia mtu marahaba hata kabla hajasalimiwa, ili kuokoa muda. Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa kuwa mkalimani.

Kabla ya kuondoka tulimsindikiza mama mpaka misheni. Alitushika mikono, akasema jambo moja tu: "Mkinikuta, mniambie ukweli. Msinifiche." Bibi aliitikia kwa kichwa.

Safari ya kwenda ilichukua siku tatu. Magari yalikuwa machache, mengi yalichukuliwa kwa ajili ya vita, na mafuta yalipatikana kwa bahati. Siku ya kwanza tulipata lori lililokuwa limepeleka unga na sasa linarudi tupu. Dereva wake alikuwa Msukuma mmoja mnene, mwenye sauti ya kuimba. Alipoambiwa yule mama mzee anakwenda kumwona mwanawe aliyeumia vitani, alimshusha tandiboi wake akampandisha Bibi mbele, kwenye kiti chenye sponji. Nauli hakutaka kuisikia. "Mama, mwanao ametulipia," alisema, nami nikamtafsiria Bibi, na Bibi akajibu, "Marahaba."

Siku ile ya kwanza Bibi hakusema kitu kingine chochote. Alitazama mbele. Tulilala kwenye kibanda cha mama ntilie, asubuhi tukaendelea, na lori likazama kwenye matope mpaka ekseli. Wakati wanaume wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, nilimwona Bibi amekwenda kando, amekaa juu ya kisiki, analia. Alilia kwa mpangilio, kama mtu anayefanya kazi aliyoipanga kuifanya siku hiyo. Alipomaliza alinawa uso kwenye mtaro, akaja kuwaelekeza wanaume jinsi ya kuweka matawi. Siku ya tatu alianza kuongea. Alinisimulia baba yangu alivyokuwa mdogo, alivyoanza kutembea akiwa na miezi tisa, alivyowahi kupotea mchana kutwa akimfuata ndege mwenye mkia mrefu. Kwenye pantoni, Busisi, maji yakiwa pande zote, aliniuliza, "Mtu akifa Mwanza, wanamzika huko huko?" Aliuliza kwa utulivu, kama anayeuliza bei ya chumvi. Tulipoanza kupanda kilima cha hospitali alifunga khanga yake upya, akasema, "Sasa twende."

Baba alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, ndevu zimeota ovyo, na alipotuona alicheka kile kicheko chake cha kukata pumzi. Nikamkimbilia. Nilipomkumbatia ndipo nilipoona shuka limelala bapa pale ambapo mguu wake wa kulia ulipaswa kuwa. Alikanyaga bomu lililotegwa ardhini, wakamkata chini ya goti.

Bibi hakupiga yowe. Alimkagua mwanawe kuanzia kichwani, akamshika masikio, mabega, vidole kimoja kimoja, akateremka mpaka kwenye bandeji, akaweka kiganja chake pale na kukiacha hapo. "Vingine vyote vipo," akasema.

Tulikaa siku tano. Jioni ya mwisho baba alimwambia Bibi, nami nikiwapo: "Mama, msimwandikie mke wangu. Karatasi haiwezi kumshika mtu akianguka. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, taratibu. Ana mtoto tumboni. Mtafutie maneno."

"Nitayatafuta njiani," Bibi akamjibu. "Njia ni ndefu."

Naomba mkumbuke kwamba niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Niliyasikia, na sikuyaelewa.

Usiku huo mvua ilinyesha kama inayolipa kisasi. Asubuhi habari zikaja kwamba daraja moja upande wa Geita limechukuliwa na maji, na malori yamekwama pande zote mbili. Tukabaki kwenye kibaraza cha hospitali na kikapu chetu. Sista mmoja muuguzi, mzaliwa wa Ngara, aliyekuwa akimpa Bibi raha ya kuzungumza lugha inayofanana na yake, alitukuta pale. Akatuuliza tunakwenda wapi hasa. Nilipomtajia ile hospitali ya misheni, akapiga makofi.

"Ndege ya dawa inakwenda huko leo! Ina viti viwili vitupu. Nisubirini."

Sitasahau Bibi alivyonitazama nilipomtafsiria neno ndege. Aliuliza mara tatu kama ni ndege mwenye mabawa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa mipango, akauliza tutabeba nini. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani alitukimbilia na viazi vitamu alivyokuwa ameviepua muda huo huo, amevifunga kwenye majani ya mgomba, vinatoa moshi. "Safari ya Biharamuro," Bibi alisema akiviangalia, "havitoshi hata siku moja." Lakini alishukuru, na safari hii alisema asante mahali pake.

Rubani alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, amevaa kaptula, na kofia yake ilikuwa imeoza ukingoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kanisani, kimenyooka, kila neno limepigwa pasi. Watu walimwita Bwana Dakika, kwa sababu hakuna aliyekutana naye bila kuambiwa dakika. Alitupima uzito kwenye mizani pamoja na maboksi ya dawa, Bibi akanong'ona, "Mwambie mimi si pamba." Nilimwambia. Alicheka, akamwinamia Bibi kwa heshima, akasema, "Shikamoo mama. Kutoka hapa Mwanza mpaka kwenu ni dakika arobaini na tano."

Niliruka kwa furaha. Niliikumbuka hesabu iliyo kwenye jalada la daftari langu: kilomita mia moja na themanini, na leo mimi ndiye ndege! Nikamtafsiria Bibi haraka haraka. Hakunijibu. Hakujua dakika ni kitu gani, nilidhani, na nikaiacha hivyo.

Ndege ikanguruma, ikatetemeka kama bati kwenye upepo, ikakimbia, na ardhi ikatuachia. Ziwa likatokea chini, pana, limechakaa rangi kwa matope ya mvua, na visiwa vyake kama mawe ya kukanyagia. Nikatafuta pantoni, nikaiona, ndogo kama kiatu. Nikayaona malori yaliyokwama. Kile tulichokihangaikia siku tatu kilikuwa kinapita chini ya miguu yangu kama ukurasa unaofunuliwa. Nilipiga kelele kila nilipoona kitu. Bibi alikuwa amefumba macho, amekumbatia kikapu, na midomo yake inatembea. Nilifikiri anasali rozari. Mara moja nilimvuta mkono ili atazame milima, akaniambia, "Niache, Adera. Nipo kazini."

Halafu mngurumo ukabadilika, masikio yakaziba, na hapo mbele nikaona paa za misheni na kiwanja cha nyasi. Kijana mmoja alikuwa akikimbia kufukuza mbuzi. Tukagusa chini, tukarukaruka, tukasimama. Bwana Dakika akatazama saa yake, akatangaza kwa fahari, "Arobaini na nne!"

Kama ilivyokuwa kila ndege ilipotua, nusu ya hospitali ilikuwa imetoka kuiangalia. Wauguzi, watoto, wagonjwa wenye nguvu za kutembea. Na mbele yao, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo, hatua kama thelathini kutoka kwetu, mama yangu. Alikuja kutazama ndege tu. Alipoona sura yangu dirishani mkono wake ulishuka.

Mlango ukafunguliwa. Nikafungua mkanda ili niruke. Bibi akanishika gauni.

"Hatujafika," akasema.

"Bibi, tumefika! Si yule mama pale!"

"Hatujafika. Shika hivi viazi. Vina moto bado. Nani amewahi kufika Biharamuro kutoka Mwanza na viazi vina moto?"

Watu waliokuwa karibu na mlango, wanaojua Kisubi, waliangua kicheko. Habari ikarushwa nyuma, kicheko kikaenea kiwanjani. Niliona aibu ya kufa. Bibi akaniambia, "Mwambie huyu bwana azunguke tena."

"Bibi!"

"Mwambie."

Nilimgeukia Bwana Dakika, uso unaniwaka. "Bibi anasema... anaomba uzunguke tena. Anasema hatujafika."

Hakucheka. Alimtazama Bibi usoni. Kisha akatazama nje ya mlango, akamwona yule mwanamke mjamzito aliyesimama peke yake, asiyecheka kama wengine. Akarudisha macho kwa Bibi. Upande wa Ngara, alikopaswa kwenda baada ya pale, mawingu yalikuwa yameanza kurundikana, nami nilimwona akiyatazama nayo. Akazima injini.

"Mwambie mama kwamba mafuta ya kuzunguka sina," akasema. "Lakini kukaa hakuli mafuta. Tukae."

Akateremsha maboksi ya dawa, akarudi, akakaa ukingoni mwa mlango, miguu nje. Bibi akafungua majani ya mgomba. Akampa yeye kiazi, akanipa mimi, akachukua chake. Alikula taratibu, bila kuacha hata nyuzi. Mimi changu nilikishika tu, nilitaka kwenda kwa mama. Mama naye hakusogea. Muuguzi mmoja alimletea kigoda, akakaa, uso ameuelekeza kwetu. Tulikaa hivyo, sisi kwenye ndege iliyosimama na yeye kwenye kigoda, mpaka Bibi akamaliza kiazi chake, akafuta vidole kimoja kimoja, akamwambia yule mzungu, "Asante." Ndipo akanyoosha mkono ashushwe.

Alitembea zile hatua thelathini bila haraka. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliyasikia maneno aliyoyapata. Alichuchumaa mbele ya kigoda, akaweka kiganja chake kwenye tumbo la mama, akasema:

"Huyu ana baba. Nimemwona. Anacheka, anakula, ameniuliza kama maharage yalipaliliwa. Mguu wa kulia umebaki vitani. Yeye atarudi."

Mama alimwegemea Bibi begani, na wote wawili wakashuka polepole mpaka wakakaa kwenye nyasi. Mama alilia, kisha nikasikia kitu kama kicheko, akisema, "Maharage! Anauliza maharage!" Nyuma yetu injini ikanguruma. Ndege ilipita juu yetu ikielekea kwenye mawingu, na mdogo wangu, ambaye leo ni baba wa watoto wanne, alizaliwa salama juma lile lile.

Baba alitoka hospitali baada ya miezi kadhaa. Sista alimwombea nafasi kwenye ndege ya dawa, akakataa. Alikuja kwa malori, kwa pantoni, kwa kusukumana, siku nne, na magongo yake mapya yakamchubua makwapa. Kijiji kizima kilimshangaa. Mtu aliyekuwa akitembea kama anayefukuzwa, anapewa mabawa anayakataa! Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza. Alisema, "Nilitaka watu nisiowajua wanishangae kwanza. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya nne nilikuwa nimezoea. Nikaona sasa naweza kutazamwa na watoto wangu."

Na kisa cha Bibi kikawa mali ya kijiji. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, mtu hakukosa kusema, "Jamani, hatujafika, viazi vina moto!" Bibi mwenyewe alicheka na wenzake. Hakuwasahihisha. Nami nilikisimulia kuliko wote. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikifanya kuwa mchezo: sauti ya Bibi, Kiswahili cha Bwana Dakika, mbuzi wakikimbizwa. Wenzangu walishika mbavu.

Bibi alipofariki tulikaa matanga, na siku ya tatu mtu akakianza kisa kile, watu wakacheka kwa machozi kama inavyotokea msibani. Mama alikuwa kando yangu anamenya ndizi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mnavyocheka, kana kwamba mama mkwe wangu alikuwa mjinga."

Nikamtazama.

"Alijua tumefika. Angeachaje kujua? Aliniona, nami nilimwona ameniona. Njia ya kwenda ilimpa siku tatu za kujiandaa. Ya kurudi ilimpa muda wa kuchemsha maji. Maneno yalikuwa hayajaiva."

"Na wewe, mama? Kukaa pale bila kujua?"

Alitupa ganda la ndizi kwenye ungo. "Mwanzo nilidhani nitakufa. Halafu nikamwona anakula. Mtu aliyemzika mwanawe hawezi kula kiazi namna ile, mbele ya mkwewe. Nikajua yuko hai. Nikaomba kigoda."

Mpaka leo sijui kama Bibi alikula ili apate muda, au alikula ili mama amwone. Huenda vyote viwili. Yeye hakuwa mtu wa kutumia chakula kwa sababu moja tu.

Tangu hapo nimepeleka habari nzito kwa watu mara nyingi. Mwalimu mkuu hakosi kazi hiyo. Sasa kuna simu, ambayo haikupi hata hizo dakika arobaini na nne. Kila nilipolazimika kubisha hodi kwa mzazi, nimekwenda kwa miguu, na nikifika mapema mno nimekaa kidogo nje. Hilo nilifundishwa na Bibi, na namshukuru.

Lakini ninayemfikiria zaidi, kadiri ninavyozeeka, ni yule mzungu mwenye kofia iliyooza. Jina lake halisi sikulijua. Alikuwa mtu aliyehesabu dakika, na mvua ilikuwa inamsubiri njiani, akazima injini akala kiazi. Siku ile mkalimani nilikuwa mimi. Nilijua Kisubi, nilijua Kiswahili, nilikuwapo hospitali baba alipotoa ombi lake, na niliyatafsiri maneno yote ya Bibi bila kukosea hata moja. Yule bwana hakujua neno moja la lugha yake, na ndiye aliyemwelewa.